Kidonge cha Jumamosi

Wallahi, haya ni kweli tupu, hamna hata neno moja la kuongeza. Sheria ya baraza letu hapa Chang'ombe mnaijua: msimuliaji akikamatwa na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, kahawa ya wote waliokaa iko juu yake, na kashata zake. Mie tangu nistaafu huu mwaka wa tisa nakaa kwenye benchi hili, na mfuko wangu haujawahi kufunguliwa. Kwa hiyo tulieni.

Alikuwepo binti mmoja anaitwa Lusungu, mtu wa Njombe, mwaka wa kwanza wa udaktari. Mwembamba, ana miwani, begi mgongoni kama kobe, na uchovu. Uchovu wake haukuwa ule wa kutembea, kwamba ukikaa chini ukanywa maji unaondoka. Huu ulikuwa umehamia na vyombo vyake. Aliamka nao kwa mama yake mdogo Benedicta kule Tabata, akapiga nao mswaki, akaingia nao darasani, akarudi nao jioni. Tangu chuo kifunguliwe alikuwa anakariri mifupa mia mbili na sita, na kila alipoingiza mfupa mmoja kichwani, mwingine ulidondoka. Akihamia kwenye mishipa, mifupa yote inakimbia.

Kule kwao mama yake, Mwalimu Jesca, alishalitangazia kanisa zima. Binti hajamaliza hata mwaka, watu wanamwita daktari. Simu yake ilijaa picha: jipu la mjomba, ulimi wa mtoto wa jirani, kidole cha mguu ambacho hakuna aliyesema ni cha nani. "Daktari, hii ni nini?" Naye akawajibu wote jibu moja: "Nendeni zahanati." Wakamsifu kwa busara.

Wasichojua ni kwamba daktari wao alikuwa ananing'inia. Somo moja lilishamwangusha, akalirudia kwa sapu, ule mtihani wa marudio, akapita kwa kuchechemea. Akianguka na la pili, hakuna sapu tena, ni kudisko. Na kudisko ni kufunga begi, kurudi Njombe na kuwaambia wenye majipu kwamba daktari wao kafukuzwa chuo.

Hilo la pili lilikuwa ripoti ya kaya. Aliyelisimamia ni Dokta Ansbert, mtu wa Bukoba, mrefu, sauti ya chini, ambaye wanafunzi waliogopa upole wake kuliko ukali wa wengine. Kila mwanafunzi alipewa nyumba moja, aitembelee wiki nane.

"Chukueni mfumo mmoja wa mwili," aliwaambia. "Unieleze kuanzia kwenye chembe, upite kwenye mshipa, utoke nje ya ngozi, uingie jikoni, uvuke ua mpaka kwa jirani. Ukiishia kwenye ngozi hujasoma mtu, umesoma nyama."

Lusungu akapangiwa huku kwetu, nyuma ya magereji, nyumba ya Mzee Abdulrahman na mkewe Bi Tabu. Mzee mwenyewe, niseme haki, alikuwa mtanashati, mwenye busara zake, meno yote kamili, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha mabati. Ugonjwa wake ni presha tu. Kadi ya ustaafu ilimpatia vidonge thelathini kila mwezi, kimoja kwa siku.

Binti alikuwa anakuja Jumatano mchana na Jumapili baada ya ibada. Anavua viatu, anasalimu, anatoa kipima presha, anafunga mkono wa mzee, anaandika. Na hapo ndipo yalipoanza kumchosha. Jumatano presha ya mzee inakuwa mia arobaini kwa themanini na nane, ya kuvumilika. Jumapili inapanda mia sabini na nne kwa mia na mbili. Jumatano inayofuata imeshuka. Jumapili imepanda. Wiki ya kwanza akadhani mashine mbovu. Wiki ya tatu akaazima nyingine. Wiki ya tano akaanza kujidhania mwenyewe.

"Bibi, Jumamosi mnakula nini hapa?" alimuuliza Bi Tabu.

"Ugali na mchicha, mwanangu. Chumvi nimeiweka juu ya kabati, na babu yako kwa goti lile hafiki."

"Na vidonge, babu? Unameza?"

"Kila siku ya Mungu, nikishaswali alfajiri," alisema mzee. "Naweza kusahau viatu, sio kidonge. Lakini mjukuu wangu, kwangu mie ishu sio dawa. Wewe umeshawahi kuusikiliza moyo wangu?"

"Bado."

"Basi ndio maana unahangaika. Moyo wangu uko kulia."

Lusungu akaacha kuandika. Mzee akakohoa, akajiweka sawa kwenye mkeka. Mwaka sabini na nane, alisema, ilikuja meli ya Wabulgaria, na daktari wa meli akaletwa kiwandani awapige wafanyakazi picha za kifua. Ilipotoka yake, yule daktari akadondosha kikombe cha chai. Akaita nahodha. Nahodha akaita nahodha wa meli ya pili. Wakaizunguka ile picha wakipiga ishara za msalaba, na ilipofika jioni walikuwa wanataka kumchukua wakamweke kwenye jumba la makumbusho, kwenye kabati la kioo, na chakula mara tatu kwa siku.

"Bi Tabu ndiye aliyekataa," alimalizia.

"Mwaka huo mie nilikuwa hata sijakujua," sauti ikatoka jikoni.

"Ulikataa moyoni."

Siku nyingine Lusungu angecheka. Lakini usiku uliopita alikuwa amepata usingizi wa saa tatu tu, na juzi yake wa saa nne, na mtu aliyechoka kiasi kile anashika chochote kinachoelea. Akatoa stetoskopu, akapiga magoti mbele ya mzee, uso kwa uso, akaiweka kifuani upande wa mkono wake wa kulia. Moyo ukamjibu: du-dup, du-dup, kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Akahamishia upande wa pili. Mbali, hafifu.

"Mungu wangu," alisema.

"Si nilikwambia?" alisema mzee, na macho yakaenda pembeni kidogo. Binti hakuyaona, alikuwa anaandika.

Aliandika kurasa kumi na moja. Moyo uliogeuka, mishipa mikubwa iliyopinda kuufuata, damu inayochelewa kufika kwenye figo, figo zinazodhani mwili umekauka zikaagiza presha ipande. Kwa nini ipande Jumapili na sio Jumatano hakueleza vizuri, akaweka mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri. Kwa mara ya kwanza tangu aje Dar alilala bila kuota mifupa.

Ijumaa ya wiki ya saba akasimama mbele ya darasa kuieleza. Dokta Ansbert alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Ulipomsikiliza ulikuwa wapi?"

"Mbele yake, Dokta."

"Mmetazamana?"

"Ndiyo."

"Nyoosha mkono wako wa kulia. Brightson, wewe ni mgonjwa, kasimame mbele yake."

Brightson, kijana mmoja mcheshi wa dawati la mbele, akasimama. Mkono wa Lusungu ukatua kifuani kwake. Akautazama ulipotua. Ulitua upande wa kushoto wa Brightson, palepale mioyo yote ya binadamu inapokaa. Darasa likapasuka kwa kicheko. Mmoja alicheka mpaka akatoka nje.

"Moyo wa mzee uko palepale alipouacha Mungu," alisema Dokta Ansbert kwa ule upole wake. "Umeandika kurasa kumi na moja za mwili ambao haupo. Nakupa mpaka Jumatatu. Sitaki picha, sitaki Wabulgaria. Nataka kujua kwa nini Jumapili. Ukishindwa, sina la kukusaidia."

Jumamosi asubuhi mama yake mdogo alimkuta amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anautazama ukuta.

"Unaenda wapi? Leo si siku yako."

"Chang'ombe."

"Umekula?"

"Nitakula nikishafukuzwa, mama mdogo."

Alifika nyumbani kwa Mzee Abdulrahman kabla ya saa tatu. Hakuwa na hasira, hasira inataka nguvu. Akapiga hodi kwa sauti ndogo, hodi ambayo haikufika popote, akavua viatu akaingia uani. Na hapo ukutani, kwenye kivuli, akawaona wazee wawili wameinama juu ya kibao cha kukatia vitunguu, kama mafundi saa. Mmoja ni mwenyeji wake. Wa pili hakumjua: mzee mnene, kofia ya pama, rozari shingoni. Mwenyeji alikuwa na wembe mkononi. Katikati ya kibao kulikuwa na kidonge kimoja cheupe.

"Kata sawa," alikuwa anasema yule mnene. "Wiki iliyopita nusu yangu ilikuwa robo."

"Macho yako ndio robo. Lete miwani."

"Miwani unayo wewe."

"Basi tulia. Ukinipumulia kinaruka, na kikiruka kuku anameza, na huyu kuku ndiye atakayeishi kuliko sisi wote."

Wembe ukashuka. Tiki. Kila mmoja akachukua nusu yake, wakagonganisha vikombe vya maji kama watu wako harusini, wakameza. Ndipo wakainua macho.

"Shikamooni," alisema Lusungu.

Yule mnene akavua kofia. "Marahaba, mwanangu. Mimi Wilbert."

Lusungu akakaa chini, sio kwenye mkeka, kwenye sakafu yenyewe. Akaweka begi mapajani, akaegemeza kidevu juu yake.

"Nitafukuzwa chuo Jumatatu, babu," alisema, na hakusema kingine.

Mzee Abdulrahman alikuwa na hadithi mbili tayari mdomoni, moja ya kuku na moja ya wembe. Akamtazama binti, zikamkwama. Akafuta wembe kwenye kikoi, akasema kweli, na kwa mtu wa aina yake ilikuwa kazi kama kuvua nguo sokoni.

Yeye na Wilbert walibeba mabati pamoja miaka kumi na minane. Kiwanda kilipopunguza watu, Wilbert alipunguzwa, Abdulrahman akabaki mpaka akastaafu na kadi. Presha haikuangalia nani amepunguzwa. Iliwashika wote, mwaka mmoja. Kidonge cha mmoja kikawa cha wawili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa cha Abdulrahman. Jumanne, Alhamisi na Jumapili cha Wilbert.

"Jumapili niliiomba mwenyewe," alisema Wilbert. "Padri wetu anahubiri mrefu. Bila kidonge sifiki kwenye sadaka."

"Naye akaniachia Ijumaa, sikumwomba," alisema Abdulrahman. "Jumamosi tukagombania mwezi mzima. Ndio tukanunua wembe."

Lusungu akafunga macho. Jumatano, amemeza asubuhi. Jumapili, ana nusu ya jana. Wiki saba. Namba zote zilikuwa zinasema hivyohivyo kwenye daftari lake, Jumatano, Jumapili, Jumatano, Jumapili, na yeye akazitafuta kwenye figo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika. Wakubwa wako wangesoma. Wangesema huyu mzee anagawa dawa ya kadi, mnyang'anyeni. Basi tungekuwa wawili tusio na kidonge." Akaurudisha wembe kwenye kibao. "Moyo nikauhamisha mie. Nilijua ukitafuta moyo hutatafuta kidonge."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake hasa, na haukuwa kwenye kitabu chochote alichokariri. Akiandika, amepona yeye, na pengine amewaangusha wao. Asipoandika, anafunga begi. Bi Tabu akamletea chai na chapati, akala zote mbili bila kujua kwamba anakula. Uchovu ulimwambia lala. Akatoa kipima presha.

"Mzee Wilbert, lete mkono."

Akapima. Akarudia. Mia tisini na sita kwa mia na kumi na nne. Akaitazama ile namba, halafu akamtazama yule mzee mnene aliyekuwa anamtabasamia kwa heshima, kofia gotini, mkono mwingine umeshika rozari.

"Kichwa kinakuuma?"

"Siku zangu hakiumi. Siku zake ndio kinauma."

Bi Tabu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akageuka akaingia ndani.

"Wazee wangu," Lusungu alisema, "siandiki bila nyie kusema ndiyo. Sitaweka majina, sitaweka mtaa. Lakini nikinyamaza, mmoja wenu ataanguka kabla sijafika mwaka wa pili. Na sijui atakuwa yupi."

Wazee wakatazamana. Aliyejibu ni Wilbert.

"Andika," alisema. "Nimechoka kuumwa kwa zamu."

Jumatatu alipeleka kurasa nne. Hazikuwa na mchoro. Zilianza na kidonge kinavyolegeza ukuta wa mshipa, na kinavyokwisha nguvu. Zikaenda kwenye kadi, kwenye kiwanda, kwenye padri na mahubiri yake, zikaishia kwenye kibao cha kukatia vitunguu. Wazee walikuwa Mzee A na Mzee W. Dokta Ansbert alisoma amesimama, akafika mwisho, akarudi ukurasa wa tatu.

"Huyu W umempima mwenyewe?"

"Ndiyo, Dokta."

"Mkono wa upande gani?"

"Kushoto. Kushoto kwake."

Kwa mara ya kwanza mtu akamwona Dokta Ansbert anakaribia kucheka. Akampa hamsini na tatu. Hamsini ndio ya kupita.

"Alama ni zako," alisema. "Na wazee bado ni wako. Usinirudie kuniambia ripoti imekwisha."

Haikuisha. Binti akamchukua Wilbert wakaenda kumfuatilia kadi yake mwenyewe, ya matibabu ya wazee, barua ya Dokta mkononi. Na hapa ndipo penye utamu: siku tatu tu, siku tatu kwa kidole, Wilbert akapewa kadi yake, na vidonge vyake thelathini, na karani akasimama akampigia makofi. Tangu siku ile Mzee Abdulrahman anameza kidonge kizima kila alfajiri, wembe amempa kinyozi, na presha yake leo hii ni kama ya mtoto wa miaka...

"Shikamooni."

Baraza zima likaitikia marahaba, isipokuwa mie. Ile sauti ilitoka nyuma yangu, na sikuhitaji kugeuka kuona begi.

"Endelea, babu Mwishehe," alisema Lusungu. "Umefika kwenye presha ya mtoto. Na nilisikia pia meno yote kamili."

Jamaa wakaangua kicheko, na nikaelewa kwamba walijua tangu kwenye meli ya Wabulgaria Abdulrahman ni nani, wakaniacha nijimalize ili kahawa ipatikane.

"Jina nimebadilisha kwa ajili ya siri ya mgonjwa," nilisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Lete mkono."

"Hapa barazani?"

"Mkono, babu."

Nikatoa mkono. Mfuko wa kipima presha ukajaa upepo, ukanibana, ukashuka polepole, na watu wazima tisa wakaikodolea macho ile mashine kama wanasubiri matokeo ya mpira.

"Mia sitini na nane kwa mia moja," alisema. "Leo siku gani?"

"Jumapili," nikajibu.

"Na jana ulimeza ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Wallahi nilikuwa nalo, zuri, lina treni ndani yake. Lakini Wilbert, aliyekaa mwisho wa benchi na kofia yake ya pama, rafiki yangu wa mabati, akaniwahi.

"Nusu," alisema.

Lusungu akakunja kipima presha chake taratibu. Hakunifokea. Akawaambia wote, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba fomu ya Mzee Wilbert iko ofisi ya kadi, dirisha la nne, inasubiri sahihi ya mtu aliye likizo; kwamba ameshakwenda Jumanne tatu, akitoka hapo anakimbilia maabara ya maiti; na kwamba Jumanne hii anakwenda ya nne. Makofi, alisema, hajayasikia.

"Basi nitakwenda nawe," nilisema. "Nitakaa mbele ya lile dirisha niwasimulie mpaka wasaini wenyewe."

"Hiyo nayo ni kweli?"

"Hiyo ni kweli."

Akanitazama muda mrefu. Sijui kama aliniamini. Nikaingiza mkono mfukoni, miaka tisa, nikamwita muuza kahawa: vikombe kumi na kimoja na kashata kumi na moja.

"Tisa," alisema Lusungu. "Nyie wawili maji."

Ndiyo hivyo nikalipa kahawa ambayo sikuionja. Yeye akapewa kikombe cha kwanza, akakaa kati yangu na Wilbert, akaegemea ukuta. Kabla kashata hazijafika kwake alishalala, mdomo wazi, miwani imepanda paji la uso, kikombe kinainama mkononi. Nikakitoa mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. Muuza kahawa alikuwa anaondoka, anagonganisha vikombe vyake kama wanavyofanya wote. Nikamshika kanzu, nikamwongezea hela kidogo, nikamwomba mtaa huu apite bila kugonga.